Mahali Yangu

Yule Mhindi alitukuta kileleni Jumapili moja ya Julai, mwaka tisini na sita, tumetoka misa ya kwanza tukapitiliza kuanika. Alipanda kwa upande wa nyuma, upande wa mawe, ambao mwenyeji hapiti. Akachomoza na kofia yake ya majani, na hatua yake ya kwanza juu ya mwamba ikatua katikati ya makopa ya mama mkwe wangu.

"Baba," mama akamwambia, "unakanyaga ugali."

Mtu akatazama chini. Mwamba wote wa kileleni ulikuwa mweupe kwa mihogo iliyomenywa na kupasuliwa, imepangwa kipande kwa kipande. Hapakuwa na nafasi ya kuweka hata kisigino. Akabaki amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, karatasi mkononi.

"Shikamoo mama. Nisamehe sana. Huu mguu niuweke wapi?"

"Marahaba. Urudishe ulikoutoa."

Nilicheka mpaka Agatha, binti yangu wa miezi minane, akaamka mgongoni. Nikamwonyesha mgeni kijia tulichoacha cha kupitia, akaja akaketi pembeni, akamwaga jasho. Alisema anaitwa Umesh, ana duka la spea za baiskeli Shinyanga mjini, ndiko alikozaliwa yeye na baba yake. Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu.

"Umepotea?" mama akamuuliza.

"Hapana, mama. Nimefika. Nilikuwa nakuja hapa hapa."

Akafungua karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imetoboka. Ilikuwa orodha. Yeye na wenzake watano, wafanyabiashara na walimu, walikuwa wamekusanya majina ya vilima vya mkoa mzima, vyote vinavyozidi kimo walichokubaliana, wakavipanga kuanzia kirefu mpaka kifupi. Kila walichokwisha kupanda kiliwekewa alama ya vema. Vilibaki sita, na chetu kikiwemo.

"Ukifika juu unapata nini?" mama akauliza.

"Napata kushuka."

"Hulipwi?"

"Silipwi, mama. Siku sita nakaa nyuma ya kaunta, naona mikono ya watu tu. Ya saba nataka nione mbali."

Mama akageuza kopa moja, akageuza la pili. "Mimi napanda hapa tangu nina meno yote. Kiangazi napanda mara mbili kwa siku, karai kichwani. Nimeandikwa humo?"

Umesh akaipitia karatasi kwa dhati, kama mtu anayeweza kweli kuliona jina lake. "Hujaandikwa."

"Basi orodha yako haijaisha."

Nilidhani atakasirika. Badala yake akatoa kalamu. Akatueleza kwamba hilo ndilo lililomleta mapema kabla ya wenzake. Mwezi Mei walipanda kilima kimoja wasichokijua vizuri, wakala mikate yao kileleni, kumbe wamekaa juu ya makaburi ya ukoo wa watu. Walishushwa kwa mapanga. Kabla ya hapo walikuwa wanaamini kwamba kilele ni kama mawingu, hakina mwenyewe. Sasa wanataka kuchapisha kijitabu, na kila kilima kitakuwa na safu ya ziada: *Mwenye kilele*, ili mpandaji ajue amwombe nani.

"Na hiki chenu nimekwisha kuuliza ofisi ya kijiji, wakanifungulia orodha yao," akasema. "Kilima cha Mahali. Mwenyewe, hakuna. Kiko chini ya serikali ya kijiji."

"Jina umelipatia," mama akasema. "Hayo ya nyuma umeyaokota wapi? Kilima hiki ni mahali yangu."

"Mahali pangu," Umesh akasema kwa upole, kama mtu anayekutoa unyoya begani.

Nami nikaingilia. Nilikuwa mwaka wa tatu katika masomo ya jioni pale parokiani, nikiokota nilichokiacha darasa la nne, na somo la ngeli ndilo nililolipenda kuliko yote. Mwalimu wetu, Otmar, alikuwa akisema mahali ni neno lenye hirizi yake, halikubali kuandamana na nyingine: mahali pangu, mahali pazuri, mahali pale. "Ni kweli, mama," nikasema. "Ni pangu. Siyo yangu."

Mama akainua uso. "Pangu, pangu. Mimi hapa sina mahali pangu, Mama Agatha. Nimekuja kuolewa, nimekuta wenyewe. Kilima ndicho mahali yangu."

Mimi na yule mgeni tukatazamana, tukatabasamu tabasamu la waliosoma. Mungu anisamehe lile tabasamu.

Umesh alipokuwa anafunga mkoba wake ndipo akaitoa habari nyingine, bila kujua amebeba nini. "Nimeshukuru kuwahi. Mwenyekiti wenu ameniambia mwakani kilele hiki hakitakuwepo." Kuna mkandarasi wa kokoto, akaeleza. Ataleta mtambo, atapasua mwamba huu kwa baruti, ausage. Mkutano wa kijiji wa Alhamisi utapitisha. Mwenyekiti amesema ni kazi rahisi kwa sababu hakuna wa kuombwa.

Mkono wa mama ulisimama juu ya kopa, haukuligeuza.

Kaya kumi na moja zilikuwa zikianika pale, na wote walikuja kwanza kumwomba mama, kwa desturi tu, hakuna aliyeuliza kwa nini. Chini kwetu ni mchanga. Ukianika mchangani unakula mchanga, na mbuzi wanakula kilichobaki. Mume wangu Valerian alikuwa upande wa Bulyanhulu, kwenye maduara, yale mashimo ya wachimba dhahabu, anapata leo anakosa mwezi mzima. Kilichotulisha mwaka mzima kilitoka juu ya mwamba ule, si ndani ya duara lake.

Umesh alishuka. Mimi nilibaki na siri inanichoma: ile orodha ya kijiji aliyoiona ofisini ni ya mwandiko wangu.

Wilaya yetu ilipokuwa mpya, kila kijiji kilitakiwa kupeleka orodha ya vilima, mabonde na chemchemi. Mtendaji wetu alikuwa na mwandiko wa kuku, akaniita. Wazee wakataja, nikaandika. Walipofika kwenye kilima chetu walisema, nakumbuka vizuri, "kilima cha mahali ya Anisia". Nikawaza: ya? Haiwezekani, ni pa. Halafu nikaona "mahali pa Anisia" panachekesha, kila mtu ana mahali pake. Nikaandika *Kilima cha Mahali*, nikapiga mstari kwa rula, nikasifiwa. Mtendaji alipofika kwenye safu ya mwenyewe hakuona jina la mtu. Akajaza: hakuna.

Tulikuwa tunashuka, mama mbele na karai, mimi nyuma na mtoto, nikiyarudia maneno yake kichwani. Sina mahali pangu. Kilima ndicho mahali yangu. Kwa pumzi moja kasema pangu, kasema yangu. Asiyejua ngeli hakosei kwa kuchagua.

Nikasimama.

"Mama," nikamwita. "Hiyo mahali yako. Ilikuwa ng'ombe wangapi?"

"Hata mmoja," akajibu bila kugeuka. "Ng'ombe walikwisha wote kwa sotoka mwaka ule. Ndiyo sababu kikatoka kilima."

Aliendelea kushuka hatua tano sita ndipo akagundua simfuati.

Huku kwetu herufi hizi mbili, r na l, zimelala kitanda kimoja tangu babu zetu. Uchaguzi wa mwaka uliotangulia tulikwenda kupiga *kula*, na hakuna aliyerudi ameshiba. Mimi mwenyewe nikisoma kwa sauti naziona kwenye karatasi lakini ulimi unazipitisha mlango mmoja. Mama alikuwa anasema mahari. Maisha yake yote alikuwa anasema mahari yangu, kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa, na mimi nimekaa nikimsahihisha.

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Niseme nini? Si jina lenyewe linasema."

Akaketi palepale njiani, akanieleza. Baba yake alikuwa Mzinza aliyehamia kutoka kandokando ya ziwa, baba mkwe wake Msumbwa wa hapa. Ng'ombe walipokufa, kijana akabaki na mchumba na zizi tupu. Baba wa kijana akatoa kilima, mwamba na miteremko yake, kuwa mahari ya Anisia. Na kwa kuwa kila upande uliogopa kudanganywa kwa lugha ya mwenzake, walipatana kwa Kiswahili, mbele ya mkalimani, Shomari, mtu wa bara aliyelelewa pwani, aliyekuwa akinunua asali. Wote wale walikuwa wamekufa.

"Hakuna aliyebaki?"

Mama akakunja uso. "Yupo binti wa Shomari. Yule Mwanaima wa Runzewe, muuza vitumbua. Ana maringo. Kila neno analizungusha mdomoni kama pipi."

Jumatatu jioni nilimweleza Mwalimu Otmar kabla wenzangu hawajafika. Aliandika maneno mawili ubaoni, akayatazama muda, akayafuta. "Justa," akasema, "kosa si la kuandika, ni la kusikia. Na mimi ningeandika hivyohivyo. Lakini mkutano hautahukumu kwa sarufi. Nenda katafute mtu mwenye r mdomoni. Usimtajie neno. Alitaje mwenyewe."

Jumanne nikaazima baiskeli, nikamfunga Agatha, nikaenda Runzewe. Bi Mwanaima alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya kikaangio chake, mwembamba, ushungi mweupe. Nikanunua vitumbua viwili, nikampa mtoto kipande.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Bibi, nina swali la kipuuzi. Kile kilima cha kwetu, chenye mwamba mweupe juu, wewe unakiitaje?"

"Kilima cha Mahari," akasema, na ile r ikalia kama kijiko kimegonga sufuria.

"Sema tena, bibi."

"Ma-ha-ri. Kwani unaandika?" Kweli nilikuwa naandika, kwenye kiganja. "Nyinyi mnasema mahali, nami nasikia miaka yote. Sijawahi kumsahihisha mtu. Kumsahihisha mtu mzima neno liko mdomoni mwake ni utovu wa adabu."

Nilimeza kitumbua bila kukitafuna.

Akanieleza kwamba siku ya makubaliano alikuwa na miaka saba au minane, amejificha nyuma ya kiti cha baba yake kwa sababu aliahidiwa asali. Aliyakumbuka maneno ya baba yake bibi harusi kwa kuwa Shomari aliyarudia mara mbili, pande zote zisikie: kilima hiki sikichukui, sina pa kukiweka, kibaki chini ya miguu ya binti yangu, na baada yake chini ya miguu ya binti wa nyumba yake.

"Utakuja kuyasema hayo Alhamisi?"

"Mkweo ndiye kakutuma?"

"Ndiye kanitajia jina lako."

"Alisemaje? Usinifiche, mimi si mtoto."

Nikaona uongo hautanisaidia. "Alisema una maringo, bibi."

Alicheka mpaka akashika kiuno, akageuza vitumbua vilivyokuwa vinaanza kuungua. "Mwambie maringo yanakuja Alhamisi. Ayawekee kiti."

Mkutano ulikaa kwenye ukumbi wa ghala la pamba. Mwenyekiti wetu, Maige, Msukuma mrefu mcheshi, hakuwa mtu mbaya. Mkandarasi alikuwa amekiahidi kijiji mawe ya msingi wa zahanati, na Maige alikuwa ameona akina mama wengi wakijifungulia njiani. Hata Agatha wangu nusura azaliwe juu ya baiskeli. Aliposoma jambo la kilima alilisoma kama mtu anayeleta zawadi.

Nikanyoosha mkono.

"Mama Agatha ana la kusema," Maige akatangaza. "Msomi wetu. Tusikie."

Nilisema bila kuremba: orodha ile niliandika mimi, na nimekosea. Nimeandika mahali, nilitakiwa kuandika mahari. Kilima kina mwenyewe, ni mama mkwe wangu, na kijiji kimeambiwa hakina kwa sababu ya kalamu yangu. Nikakaa. Nilitegemea kunong'onwa. Walicheka.

"Subiri," Maige akasema, akifuta macho. "Umesema ulitakiwa kuandika mahali, ukaandika mahali?"

"Mahari, mwenyekiti," nikaukaza ulimi. "Kwa ere."

"Kwa ele, ndiyo. Sasa kosa liko wapi?"

"Ere," sauti ya kijana ikatoka nyuma. "Hebu mwenyekiti itaje."

"Ele."

Ukumbi ukavunjika mbavu. Maige naye akajicheka, kisha akainua mkono. "Sawa. Lakini jamani, zahanati tuiache kwa ajili ya helufi moja ambayo hata mimi mwenyekiti sina?"

Hapo Bi Mwanaima akasimama kutoka kwenye kiti alichowekewa, karibu na mama, ingawa walikuwa hawajatazamana. Alisema yale aliyoniambia, polepole, na kila r ikapita ukumbini peke yake kama mgeni wa heshima. Alipomaliza wazee wawili waliinamisha vichwa. Mmoja akasema marehemu baba yake aliwahi kuitaja habari hiyo, yeye akadhani ni utani wa watani.

Lakini mtu mmoja wa ukoo wa marehemu baba mkwe wangu alisimama, amekasirika. "Na tangu lini mwanamke akamiliki kilima?"

Mama hakuinuka haraka. Alipanga khanga yake kwanza.

"Tangu mlipokosa ng'ombe," akasema. "Kama mmewapata, waleteni leo. Nitawaswaga kwetu ziwani, na kilima mchukue."

Yule ndugu alikaa. Maige akamtazama mama muda mrefu, akavua kofia, akaiweka mezani.

"Mama Anisia," akasema, "mimi nilikuja hapa kijana na ng'ombe wa baba, sikuyajua haya. Nisikilize basi. Zahanati naitaka. Wanawake wanakufa njiani. Mwamba ni wako. Kwa hiyo nakuomba."

Mama akaishika ncha ya khanga yake. Mimi nilimjua, nikaona kidevu chake kinatetemeka kidogo, jambo ambalo sijaliona hata siku ya msiba wa mumewe.

"Hilo neno," akasema, "nina miaka hamsini sijalisikia kutoka kwenye meza hiyo." Kisha sauti ikamrudia. "Mawe yaliyoanguka upande wa nyuma, alikopandia yule Mhindi, yachukueni. Ni mengi. Yapasueni kwa nyundo, msingi wa zahanati utatosha na mtabakiza. Baruti sitaki. Mwamba wa juu sitaki uguswe. Na mwenye mtambo mwambieni alikuja nyumba isiyo yake."

"Kwa nyundo ni kazi kubwa, mama," mtu akalalamika.

"Kubeba mimba nayo ni kazi. Ulisikia tunaita mtambo?"

Mikono ikanyooshwa. Si yote, lakini ilitosha. Mtendaji akaniletea orodha na rula, nikapiga mstari juu ya lile neno langu zuri, nikaandika juu yake *Mahari*. Kwenye safu ya mwenyewe nikafuta *hakuna*, nikaandika Anisia, na jina la baba yake wa kule ziwani.

"Na baada yake?" mtendaji akauliza. "Maana Mama Anisia ana watoto wa kiume tu."

"Binti wa nyumba yangu," mama akasema, akinyoosha kidole kwangu. Kwa dakika nzima nilidhani ananionyesha mimi, moyo ukanipaa. Kisha nikaona kidole kinapita juu ya bega langu, kinamwonyesha aliyelala mgongoni. Niliandika jina la Agatha kwa mwandiko mbaya kuliko yote niliyowahi kuandika, na karatasi ikalowa mahali pawili. Pawili, ndiyo. Hapo ni pa.

Nikamwandikia Umesh barua, nikampa utingo wa basi la Shinyanga. Nilimweleza jina sahihi, na kwamba kwenye ile safu yake mpya aandike mtu, si ofisi. Akajibu kwa kadi fupi kwamba ameandika, na ameongeza sentensi yake mwenyewe: *Mpandaji apige hodi chini, asubiri.*

Walikuja wiki ya pili ya Septemba, wote sita, pamoja na Aarti, mke wa Umesh, aliyebeba chupa ya chai. Tuliwaona tangu wanaacha gari barabarani. Upande wa nyuma wanakijiji walikuwa wanapasua mawe, nyundo zinasikika tap, tap. Bi Mwanaima alikuwa nasi juu. Siku hizi akipita hupanda, wakaketi na mama wakabishana kila neno.

Wale wageni wakafika kwenye mti wa kwanza wa kijia, wakasimama kwa mstari, Umesh akaviringa mikono mdomoni.

"Hodi hapa!"

Nikafungua kinywa kuitikia. Mama akanishika mkono.

"Waache kwanza."

"Mama, wana jua la kichwa."

"Nimeliona."

"Hodi!" sauti ikapanda tena.

Mama aligeuza kopa. Akalikung'uta. Bi Mwanaima akamtazama, akasema, "Na mimi ndiye mwenye maringo!" Mama alikuwa ameangalia chini kule, kwa wageni waliovua kofia zao wanangoja kilima kijibu, na uso wake ulikuwa kama wa msichana aliyetolewa nje siku ya posa.

Hodi ya tatu ilipofika aliinuka, akajifuta mikono. "Karibuni," akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani wa ukuta mmoja, ambayo haikuweza kufika hata nusu ya mteremko.

Ikabidi mimi nisogee mpaka ukingoni, nimwinue Agatha juu wamwone, niwapigie kelele.

"Mwenyewe anasema karibuni!"